Kuandika riwaya huku una zamu na watoto: jibu langu kwa dada muuguzi

Dada, swali lako nimelisoma vizuri. Wewe ni muuguzi, una zamu za usiku, una watoto wawili wadogo, na riwaya uliyoianza mwaka jana kwa moto mkubwa imekwama sura ya sita tangu kabla ya Ramadhani. Unauliza wenzako wa jukwaa hili tunaitoa wapi hamu ya kuandika, na kama uombe likizo ukaimalizie. Nitajibu kirefu maana jambo hili nimeishi nalo.

Nianze na likizo. Ukiipata, pumzika. Mwanamke akiwa likizo nyumbani, ukoo mzima unapata habari: kuna shughuli ya kwenda kupika, kuna mgonjwa wa kukesha naye, kuna mtoto wa ndugu anatafutiwa shule. Utarudi kazini sura ya sita iko palepale, na sasa umechoka zaidi.

Kuhusu hamu, ninavyoona mimi, haitangulii, inafuata. Anayeandika leo ndiye anayekuwa na hamu kesho. Na kinachoiua si uchache wa saa kama tunavyodhani. Kinachoiua ni kukaa mbali na hadithi.

Mimi nafanya kazi ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga. Meli ikishaingia hakuna cha saa kumi wala saa kumi na mbili. Nyaraka za mteja zisipokaa sawa mzigo unalala bandarini, gharama zinapanda kila siku, na simu zote zinakuja kwangu. Nyumbani kuna watoto watatu na mama mkwe. Katika hali hiyo nimeandika riwaya ya mashamba ya mkonge, habari za binti aliyeletwa huku na baba yake kutoka Kigoma miaka ya 1950, baba akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani. Imechukua miaka, lakini rasimu ya kwanza imefika mwisho na sasa niko kwenye ya pili.

Sikiliza kinachotokea mtu akikaa mbali. Ukiiacha hadithi siku moja, wahusika bado wako nawe. Ukiiacha wiki mbili, unarudi hukumbuki kwa nini yule binti alikataa kuipokea barua, wala nani alikuwa mlangoni. Basi unaanza kusoma tangu ukurasa wa kwanza ili uingie tena. Unakuta sentensi haijakaa vizuri, unaigusa. Unagusa na inayofuata. Mtoto anaamka, muda umekwisha, hujaongeza hata mstari. Hayo yakijirudia mara kadhaa unaanza kujiambia huna kipaji. Kipaji hakihusiki hapo. Ndiyo maana watu wengi wenye ajira wana mswada ambao sura yake ya kwanza imepigwa msasa mpaka inang'aa, na mwisho hauna.

Kwa hiyo mimi rasimu ya kwanza siisomi kutoka mwanzo. Nasoma nusu ukurasa wa mwisho tu, kisha naendelea. Nikikumbuka kitu cha kubadilisha huko nyuma, nakiandika kwenye kurasa za mwisho za daftari na kukiacha huko. Na kabla sijafunga daftari naandika chini kabisa kinachokuja, kwa maneno yoyote. Hapa nina moja nainakili kama ilivyo: "Kesho: anafika bohari, ufunguo haupo. Mnyapara anajua ulipo ila anamtazama tu. Aanze kwa kuuliza maji, asianze na ufunguo." Basi. Kesho yake, hata nikiwa na dakika ishirini, sianzi kwa kutafuta pa kuanzia. Naanza na maji. Jambo hili limenisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kusoma kuhusu nidhamu ya mwandishi, na ninakusihi ulijaribu hata kama mengine yote hapa hutayafuata.

Jingine nimelichukua kwenye utafiti wangu wenyewe. Kwenye mashamba ya mkonge mfanyakazi alipewa kadi, kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku yake inawekwa alama. Asipokwenda, hakuna alama. Mshahara ulitoka kipande kikijaa, hata kama zile siku 30 zimevuka mwezi. Najua kilikuwa chombo cha kumbana mtu, na babu yangu mzaa mama alibanwa nacho. Lakini nilipokuwa naandika habari zake niliona kitu kimoja: siku iliyorukwa haikufuta zilizotangulia. Nikachora cha kwangu nyuma ya daftari, vyumba 30. Siku niliyoandika napiga alama. Nisipoandika, chumba kinasubiri. Hakuna kusema nimevunja mfululizo nianze upya. Kwa mtu wa zamu kama wewe hili ni kubwa, kwa sababu ratiba yako haiwezi kufanana wiki hadi wiki, na mipango ya "kila siku bila kukosa" inaishia kukuvunja moyo wiki ya kwanza tu ya zamu za usiku.

Na alama moja nimeipangia kidogo sana: mistari mitano. Siku nyingi naizidi. Lakini siku ambayo kontena la mtu limezuiwa na mtoto ana homa, mistari mitano inawezekana, na ikiandikwa hadithi haipoi. Ukitoka zamu ya usiku, lala. Siku za msiba au za kuuguza, kaa na watu wako. Vyumba haviendi popote.

Wengi hapa wataandika kwamba uamke saa kumi alfajiri. Ni kweli kwa anayeweza. Mimi huandika baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, kwenye meza ya cherehani nikiwa nimekishusha chini kichwa chake. Lakini sehemu nzuri za kitabu changu, hasa mazungumzo, zimetoka kwenye foleni. Nikiwa nasubiri karani agonge muhuri, najirekodi kwa simu kwa sauti ya chini, nikiigiza watu wawili wanavyojibizana. Jioni nasikiliza na kunakili. Wewe una safari ya daladala kwenda na kurudi kazini. Huo ni muda wa hadithi hata bila kushika kalamu: chagua swali moja kabla hujapanda, kwa mfano "kwa nini mama hamwambii?", na ushuke ukiwa na jibu.

Kuna jambo linaniuma kidogo nikiona vijana wanaandika humu kwamba mpaka mtu aache kazi ndiyo awe mwandishi. Riwaya ya Kiswahili imejengwa na watu wa ajira. Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga, alikuwa mtumishi wa Idara ya Forodha kuanzia 1926 hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali, na vitabu vyake viliandikwa ndani ya maisha hayo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianzia idara ya afya, akaingia kwenye magazeti, na wakati wa shindano la hadithi la 1957-58, aliloshinda kwa kisa cha mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mtu mwenye kazi yake ya kila siku. Elvis Musiba, mwandishi wa riwaya za kijasusi, alikuwa mfanyabiashara. Sisemi maisha yao yalikuwa mepesi wala sisemi walipikiwa na nani, na hapo mimi na wewe tuna mzigo ambao wao hawakuubeba. Ila nikiwa nimekaa na matamko ya forodha mezani, huwa nakumbuka kwamba mwenzangu mmoja alikaa na karatasi za namna hii, na napata nguvu.

Kuhusu huo mzigo: zungumza na watu wa nyumbani waziwazi. Kwa muda mrefu mume wangu alidhani najaza mahesabu ya ofisi. Siku moja nilimwambia, "Baba Salma, naandika kitabu. Naomba Jumamosi, kuanzia saa tatu mpaka saa tano, watoto wawe wako." Akauliza, "Kitabu cha nini?" Nikamsimulia mpaka chai ikapoa. Tangu hapo Jumamosi anawapeleka watoto Raskazone, na akirudi swali lake ni moja: yule mnyapara bado yuko hai? Mama mkwe naye alikuwa anaona nimekaa tu. Nilipomsomea sura inayohusu mazishi kwenye kambi ya manamba, akanisahihisha namna wanawake walivyokuwa wakikaa, na kesho yake asubuhi aliwakataza watoto kuja mezani kwangu. Mwanamke akikaa na daftari huonekana hana kazi mpaka aseme anafanya nini. Sema.

Hapo nafika kwenye kile ninachoamini kuliko vyote: pata mtu mmoja anayesubiri. Mmoja tu. Wangu ni shangazi aliyekulia kambini Muheza. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo kila nikimaliza kipande namsomea na kumtumia sauti WhatsApp. Nisipotuma, anapiga: "We mwanangu, barua imefika au haijafika?" Anauliza habari za barua utadhani iko posta ya Ngamiani. Hakuna ratiba, tuzo wala nukuu ya kutia moyo iliyowahi kunirudisha mezani kama simu zile. Sisi ni watu wa "itaendelea". Tumekua na hadithi za magazetini zilizokatwa pale pale panapouma, na kabla ya hapo ni bibi aliyeikata ngano tulale. Hadithi yetu inataka anayesema "ehe".

Mchague vizuri lakini. Asiwe mwalimu wa sarufi, hayo ni ya rasimu ya pili. Asiwe mtu wa kusifia kila kitu. Na kundi kubwa la WhatsApp sikushauri ukiwa sura ya sita. Watu mia watakuwekea vidole gumba halafu kila mmoja atataka hadithi ielekee anakotaka yeye, na utajikuta unaandika kuwaridhisha.

Umegusia pia tuzo. Zipo, na ni jambo jema kwa lugha yetu. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Hapa Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza kabisa walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023. Tarehe ya mwisho ya tuzo itumie kuharakisha rasimu ya pili. Ukiifukuzia na rasimu ya kwanza, utaifunga hadithi kabla haijaiva, na tarehe ikipita unapoteza na hamu.

Sasa sura yako ya sita. Umesema ni pale mhusika anasafiri kwenda Dodoma na hujui safari uijaze nini. Iruke. Andika "anasafiri, anafika" na uende kwenye tukio unaloliwaza ukiwa wodini usiku. Unalo, umelitaja mwenyewe mwishoni mwa swali lako: yule mama anayegundua kuwa mtoto alibadilishwa. Liandike leo, hata kama ni la sura ya ishirini. Huenda ukagundua kuwa safari haikuhitajika kabisa, mimi zimenitokea mbili za namna hiyo. Na kwa sababu unaandika habari za hospitali, badilisha mambo ya wagonjwa mpaka mwenyewe asijitambue: mji, ugonjwa, idadi ya watoto, kila kitu. Ukiwa na hofu ya kumuumiza mtu halisi, kalamu itasita kila mstari, na nadhani sehemu ya kukwama kwako iko hapo pia.

Ukimaliza tukio hilo nitumie inbox. Mimi huwa na nafasi Jumapili jioni.