Jibu: Dawa ya kukuza mshipa wa fahamu, na vidole vya mdogo wako

Pole sana dada. Umeuliza kama ile dawa ya kukuza mshipa wa fahamu, inayotoka polepole mwilini, inaweza kumwondolea mdogo wako ganzi, baada ya kisu cha kupasulia sangara kumkata kifundo cha mkono huko Igombe.

Kwa sasa mambo hayo yako zaidi maabara, kwa panya. Wazo lenyewe ni zuri. Mshipa wa fahamu ukikatika, seli za Schwann, zile zinazozifunika nyuzi zake, upande wa chini ya jeraha hutoa protini za kuuita ukue, ila miezi ikipita zinachoka. Ukizichoma protini hizo kwa sindano, mwili unazivunja haraka. Ndiyo maana watafiti wanazifungia ndani ya chembe ndogo zinazoyeyuka, au kwenye kimrija kinachounganisha ncha mbili za mshipa uliokatika, zitoke kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Na zikizidi ni tatizo: mojawapo ya protini hizo, GDNF, ikijaa sehemu moja, nyuzi za mshipa zinanogewa, zinajisokota palepale kama wavu kwenye magugumaji, mbele haziendi.

Sasa huyo kijana, alishonwa mshipa wa fahamu au ngozi tu? Hilo muulizeni daktari mapema, msingoje. Nyuzi hukua kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo toka kifundo hadi ncha ya kidole ni nusu mwaka na ushee. Mazoezi ya mkono asiache. Na sufuria ya moto asiishike kwa mkono huo. Mimi niliungua hivyo, nikadhani ni ugali unaungua.