Gitaa na triga za elektroniki: ya kujua kabla hujatoa hela

Kwa nyie mnaoanza kufunga triga (kifaa kinachogeuza pigo lako kuwa amri ya kuliza sauti nyingine) kwenye gitaa, au kwenye ala yoyote ya nyuzi, swali la kwanza sio ununue kifaa gani, swali ni unataka mashine ijue nini. Kuna mashine inayotaka kujua tu kwamba umegonga, na kuna inayotaka kujua umepiga noti gani. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na bei zake pia haziko karibu, ila wengi wanazichanganya, mtu anataka tu kiki, yaani dramu kubwa ya mguu, ilie akigonga bodi la gitaa anaishia kununua mfumo mzima wa midi (lugha ya ala za elektroniki ya kuambiana noti gani ipigwe) wenye pikapu ya nyuzi sita, ile inayosikia kila uzi peke yake, halafu analalamika eti unachelewa.

Mi ushauri wangu anza na ile ya kugonga. Kinachohitajika ni piezo, kile kisahani chembamba cha shaba cha duara, hata cha milimita 27 kinatosha, unakibandika kwenye bodi kwa tepu ya pande mbili, waya unaenda kwenye moduli ya dramu au intafesi ya triga, hiyo inatuma midi kwenye sampla yako, mashine au programu yenye sauti zilizorekodiwa, basi. Piezo haijali nyuzi ni za chuma au za nailoni, inasikia mtikisiko tu. Ila ukitaka kurekodi sauti yake yenyewe kama pikapu usiichomeke popote tu, inataka ingizo lenye ukinzani mkubwa, megaohmu 1 hivi, ukiiweka kwenye ingizo la kawaida la laini besi yote inapotea inabaki sauti nyembamba ya bati. Na kama unaiunganisha mwenyewe kwenye saketi ndogo ya kujitengenezea, weka ulinzi kabla ya chipu, kwa sababu ukiigonga kwa nguvu inatoa volti nyingi kuliko unavyofikiria.

Kazi yenyewe sasa iko kwenye mipangilio. Kizingiti ndo kinaamua pigo dogo kiasi gani lihesabiwe, ukikiweka chini kila ukichapa chodi na kiki nayo inalia, ukikiweka juu sana unaanza kugonga gitaa kama unavunja mlango. Njia nzuri ni hii: piga chodi zako kwa nguvu ile ile utakayotumia jukwaani, panda na kizingiti mpaka triga inyamaze, ndo ugonge bodi uone kama bado inasikia. Ikigoma, tatizo ni mahali ulipobandika, sogeza piezo mbali na daraja maana nyuzi zinatikisa pale zaidi ya sehemu nyingine, ijaribu upande kiganja chako kinapotua. Halafu kuna muda wa kufunga masikio, yaani baada ya pigo moja mashine isisikie kingine kwa milisekunde kadhaa ili pigo moja lisilie mara mbili. Watu wanaogopa kuuongeza wakidhani watapoteza mapigo ya haraka, lakini hebu piga hesabu, kwenye tempo ya 120 noti za kumi na sita zinapishana kwa milisekunde 125, kwa hiyo hata ukiweka 50 bado una nafasi kibao.

Haya tuje kwenye ile ngumu, mashine kujua noti.

Hapa wengi wanalaumu kifaa wakati wanapambana na fizikia. Uzi wa sita, ule mnene, ukiwa wazi unatikisika kama mara 82 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja tu unachukua milisekunde 12 hivi. Mashine haiwezi kujua noti kabla haijaona angalau mzunguko mmoja, mara nyingi inataka zaidi, kwa sababu mwanzo kabisa wa pigo ni kelele ya piki na sio noti, ni kama kutaka umtambue mtu kwa sauti kabla hajamaliza silabi ya kwanza. Uzi wa kwanza unatikisika mara 330, milisekunde 3 tu umemaliza mzunguko, ndo maana huku juu kila kitu kinajibu faster na kule chini kunavuta. Gitaa la besi ndo balaa, uzi wake wa chini ni mara 41, milisekunde 24 kwa mzunguko. Jumlisha na kompyuta yako, bafa, yaani kipande cha sauti inachokusanya kabla ya kukichakata, ya sampo 256 kwenye 48 kHz (sampo 48,000 kwa sekunde) ni milisekunde 5 na kitu, na hiyo ni kuingia tu, kutoka nako kuna yake.

Wenye uzoefu hawashindani na hili, wanalizunguka. Mistari ya besi wanaipiga oktava moja juu kwenye gitaa halafu wanaishusha kwenye sintesaiza (mashine inayotengeneza sauti), mashine inapata noti inayotambulika haraka na msikilizaji anasikia besi. Na wanachagua sauti, nyuzi za okestra au pedi inayopanda taratibu inaficha ucheleweshaji wote, piano inauanika. Ukitaka kujua kama mfumo wako unakufaa usijaribu na pedi, jaribu na piano, na ukumbuke kwamba sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3 na nusu kutoka kwenye spika yako, kitu ambacho mpiga gitaa anakifanya kila siku wala hasemi kitu.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Pikapu ya nyuzi sita iko kimya kimya kwenye hii biashara tangu zamani, Roland walitoa GR-500 mwaka 1977, midi yenyewe ilikuja 1983. Ya sumaku inataka nyuzi za chuma, wa nailoni tafuta ile ya piezo iliyo kwenye daraja. Ukinunua ya Roland iliyotumika angalia kebo, zile za GK (mfumo wa Roland wa pikapu za gitaa) za zamani ni pini 13 na mfumo mpya wa kidijitali haziingiliani bila kigeuzi. Pia kuna programu kama MIDI Guitar ya Jam Origin isiyotaka pikapu maalum kabisa, kwa kujifunzia naona ndo mahali pazuri pa kuanzia kabla hujatoboa gitaa la watu. Ukifunga ya sumaku, bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa upime nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu, milimita 1 hivi, ikizidi mashine inaanza kubahatisha.

Halafu kuna hili la kuvuta uzi, linawachanganya wengi mno. Mfumo wa gitaa ukituma benda (ujumbe wa midi wa kupandisha noti) unakuwa umepangwa masafa fulani, tuseme nusu toni 12, na sintesaiza nyingi zinakuja zimewekwa 2. Sasa unavuta uzi toni nzima, sintesaiza inapanda theluthi moja ya nusu toni, unasikia gitaa limepanda na sinti imebaki chini inakwaruza, unadhani tyuning imeharibika. Weka namba moja pande zote mbili, yameisha. Na weka kila uzi kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya midi, la sivyo ukivuta uzi mmoja chodi nzima inapanda nao.

Mikono nayo. Kwenye gitaa la kawaida uzi uliogusa kwa bahati mbaya unapotea ndani ya kelele, kwenye midi unageuka noti kamili ya tarumbeta. Rekodi midi na sauti ya gitaa kwa pamoja, fungua dirisha la noti uangalie, utaona vinoti vifupi vifupi vya velositi (nguvu ya pigo) chini ya 20 vimetapakaa kila mahali. Angalia viko kwenye chaneli gani, chaneli inakwambia ni uzi gani na uzi unakwambia ni kidole gani hakikufunga vizuri. Vilivyobaki chuja kwa kizingiti cha velositi, ila sio kabla, ukichuja mapema unajifunza kupiga hovyo. Wa violini na upinde, kazi yenu ni ngumu zaidi sababu upinde hauna pigo la wazi la kuanzia, anzeni na noti ndefu.

Jukwaani rudia mipangilio ya piezo bendi ikiwa inapiga sauti kamili, maana besi ya spika inatikisa bodi na kiki inaanza kujilia yenyewe. Na tafuta pedali moja uipe CC 123, ile ya kuzima noti zote, kwa siku noti inaganda katikati ya wimbo, hakikisha tu inatuma kwenye chaneli zote sita sio ya kwanza peke yake.