Mwanangu, tovuti isubiri kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama umlipe yule kijana anayetaka kukutengenezea tovuti ya kazi yako ya friji na viyoyozi, maana umeambiwa bila tovuti hupati wateja hapo Dar. Usimlipe sasa. Hela hiyo iweke, na wiki mbili hizi shughulikia vitu viwili visivyo na malipo: ramani ya Google na WhatsApp Business.

Mtu ambaye friji imezima na samaki wameanza kuyeyuka hana muda wa kusoma tovuti. Anaandika Google "fundi friji Tegeta", anawatumia ujumbe mafundi wawili watatu wa juu, na kazi anapewa aliyejibu kwanza.

Wasifu wa biashara wa Google, ndio unaokuonyesha kwenye ramani, ufungue kwa barua pepe yako mwenyewe. Wako watu waliofunguliwa kurasa na mtu mwingine, wakakosana naye, akaondoka na nywila. Ukihitaji msaidizi, mwongeze kama meneja, umiliki ubaki kwako. Jina liwe lile uliloandikisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lilelile la kwenye risiti na fulana. Usiandike "Fundi Bora Friji na AC Dar Saa 24". Kurundika maneno ya namna hiyo kwenye jina ni kinyume cha kanuni za Google. Wasifu unaweza kusimamishwa, na kuurudisha ni kukata rufaa na kuambatanisha leseni na vielelezo. Kwa kuwa huna duka la kupokelea wateja, ficha anwani ya nyumbani, uweke maeneo unayohudumia. Wanaruhusu hadi 20, ila wewe taja yale ambayo nauli ya bodaboda haimalizi faida: Tegeta, Boko, Bunju, Mbezi Beach. Kigamboni iache.

Uhakiki wa wasifu huo siku hizi mara nyingi ni wa video. Irekodi kwa mkupuo mmoja bila kukata: anza barabarani pakionekana kibao cha mtaa au jengo linalojulikana, kisha geji zako, pampu ya vakyumu na mtungi wa gesi, umalizie na leseni ya biashara yenye jina lilelile. Wengi wanakataliwa kwa sababu wamerekodi vifaa tu juu ya meza, bila kitu kinachoonyesha wako wapi wala kwamba biashara ni yao.

Maoni ya wateja ndiyo yatakayokupandisha, na kuyaomba kuna saa yake. Usimwombe mteja ukiwa bado unafunga skrubu, maana friji inahitaji saa kadhaa kabla mtu hajaamini imepona. Mtumie ujumbe kesho yake asubuhi: "Habari za asubuhi mama, barafu imeganda?" Akijibu ndiyo, mtumie kiungo cha maoni, umwombe ataje kilichotengenezwa na mtaa wake. Usitoe punguzo ili upate maoni, wamekataza. Wala usiwaite binamu zako kumi waandike siku moja. Maoni ya aina hiyo hufutwa, na yale ya kweli yanaweza kwenda nayo. Ukipata nyota moja, jibu kwa adabu kwa mistari miwili na useme lini utarudi kuangalia. Atakayesoma jibu hilo ni mteja ajaye.

Sasa WhatsApp. Kiungo chako kiandike wa.me/255 kisha namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ukiweka 07 hakifunguki, na hutajua ni wangapi walijaribu wakaondoka. Ujumbe wa kukaribisha usiwe "Asante kwa kuwasiliana nasi" peke yake. Uombe vitu vitatu: picha ya kibandiko cha ndani au nyuma ya friji, maelezo ya inachofanya (taa inawaka? mota inaunguruma?), na lokesheni. Kibandiko kinakuonyesha modeli, aina ya gesi na gramu zake, kwa hiyo hutafika Bunju na gesi ya R134a kwenye friji ya gesi ya R600a. Hiyo ya pili inashika moto, unajua mwenyewe.

Wateja wasevu kwa jina la kazi, kama "Mama Asha AC Boko", na uwaombe nao wakusevu. Bila hivyo hawaioni status yako, na orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp, inayobeba watu hadi 256, haiwafikii. Namba za kuokoteza kwenye magrupu usizitumie. Wakikuripoti, namba yako inaweza kufungwa. Picha za kazi piga kwa ruhusa, uonyeshe koili iliyojaa vumbi kabla na baada ya kuoshwa, si sebule ya mtu wala watoto wake.

Matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram hayana msaada sana kwa friji, kwa sababu anayeperuzi jioni friji yake ni nzima. Yanafaa kwa kuosha viyoyozi, kazi ambayo mtu anakumbushwa. Lipia Novemba, kabla joto la Desemba halijaingia. Chagua lengo la ujumbe wa WhatsApp badala ya laiki, na eneo libandike kwa pini na kilomita chache kuizunguka. Ukiacha "Tanzania" nzima, utajibu watu wa Mwanza.

Kisha piga hesabu. Tuseme shilingi 5,000 kwa siku 7, yaani 35,000, zimeleta kazi 3 za ufundi wa 30,000 kila moja. Toa nauli 15,000: umebaki na 40,000. Ikija kazi moja tu, nauli 5,000, umepoteza 10,000. Hela ya spea usiihesabu kama mapato. Kwenye daftari andika tarehe, mtaa, kazi, na jibu la swali moja: "Umenipataje?" Daftari hilo ndilo litakalokuambia baada ya miezi mitatu kama tovuti inahitajika.

Maelezo ya biashara kwenye Google yana nafasi ya herufi 750. Yaandike leo jioni, unitumie niyapitie kabla hujayaweka.

Mama yako