Nilicheka Nikiwa Edani: Je, Nianze Kuhesabu Upya?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mjane, naishi Mafinga. Mume wangu alifariki wiki sita zilizopita. Siku ya tatu ya msiba mtani wetu Mngoni alivaa koti la marehemu, akaanza kumwigiza anavyogombana na konda kwa ajili ya chenji ya shilingi mia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikalia, kisha nikalala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupata usingizi tangu tumzike. Shemeji yangu, ambaye ni ustadh, alinisema mbele ya watu kwamba kicheko kimevunja eda yangu, nianze kuhesabu upya, na kwamba nimeufisha moyo wangu. Nina presha, na muuguzi wa kliniki ameniambia nisijinyime kucheka. Nimsikilize nani? Mtani naye aliondoka na koti.

JIBU: Wa alaykumus salaam. Kamwene dada yangu, na pole sana. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposema "mbele ya watu".

Eda yako ipo salama. Hesabu ni ile ile ya Suratul Baqara aya ya 234, miezi minne na siku kumi tangu alipofariki, maadamu huna mimba. Wiki sita ulizokwisha kukaa ni zako.

Sasa niseme na shemeji. Eda si udhu, hata itenguke kwa jambo fulani. Eda ni muda, na muda hupita hata mtu akiwa amelala. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema mjane akijitia manukato makusudi amepata dhambi, lakini siku zake zinaendelea kuhesabika. Wanasema pia kwamba aliyechelewa kupata habari ya kifo huhesabu tangu kifo, si tangu habari ilipomfikia. Ikiwa manukato, ambayo yamekatazwa waziwazi, hayaivunji eda, kicheko ambacho hakikukatazwa kitaivunjaje? Hadithi ya Ummu Atiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, imetaja nguo za rangi, wanja na manukato. Kicheko hakimo. Shemeji amekitia kwa mkono wake, na kuongeza katika sharia si uchamungu hata kidogo.

Kuhusu moyo kufa, hadithi aliyoikusudia ipo. Ameisimulia Abu Hurayra, nayo imo kwa Tirmidhi na Ibn Majah: "Msicheke sana, kwani kucheka sana huufisha moyo." Neno "sana" limo mara mbili, naye amelisoma mara sifuri. Ni onyo kwa mtu ambaye dunia yote imekuwa kijiwe, asiyejua tena hata cha kumliza. Mwanamke aliyekesha siku tatu kwa huzuni, akacheka nusu saa, haingii humo. Wapo pia wanaopenda kusoma mimbarini aya ya 82 ya Suratut Tawba, "basi na wacheke kidogo na walie sana." Wasome na aya iliyotangulia. Maneno hayo yanawahusu wanafiki waliobaki nyuma safari ya Tabuk wakisema joto ni kali. Mjane wa Mafinga, mji ambao mwezi wa saba hata jua hutoka limejitanda blanketi, anaingizwaje kwenye aya ya watu wa joto?

Aya yako wewe ni nyingine. Fungua Suratun Najm, aya ya 43: Mwenyezi Mungu ndiye anayechekesha na kuliza. Inayofuata, ya 44: Yeye ndiye anayefisha na kuhuisha. Kicheko, kilio na kifo vimepangwa pamoja, bega kwa bega, kama vilivyokukuta wewe siku moja.

Ni kweli Bibi Aisha amesema hakumwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akicheka mpaka koo likaonekana. Kawaida yake ilikuwa tabasamu. Lakini alipokuja yule bwana aliyeharibu funga yake ya Ramadhani, akapewa kapu la tende alitoe sadaka liwe kafara yake, akajibu kwamba Madina nzima hakuna nyumba maskini kuliko yake, Mtume alicheka mpaka meno ya pembeni yakaonekana. Kisha akamwambia awalishe watu wa nyumbani kwake.

Muuguzi naye kasema kweli. Mtu akicheka, pumzi huingia na kutoka kwa nguvu, moyo huenda mbio kidogo, halafu misuli hulegea na mwili hutulia. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwaonyesha watu 20 wenye afya filamu mbili. Walipotazama ya kuchekesha, damu katika mshipa wa mkono ilipita zaidi kwa wastani wa asilimia 22. Walipotazama ya vita, ilipungua kwa asilimia 35. Mmarekani mwingine, Norman Cousins, aliyekuwa na maumivu makali ya viungo, aliandika mwaka 1976 kwamba dakika kumi za kicheko cha kweli zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Huyo ni mtu mmoja na simulizi yake, lakini nilipofika kwenye usingizi wako nilimkumbuka.

Ila si kila kicheko ni afya. Mwaka 1962 kule Kashasha, Bukoba, wasichana wa shule walishikwa na kicheko kisichozuilika mpaka shule ikafungwa. Baadhi ya waliolichunguza tukio hilo walisema ni msongo wa mawazo uliotafuta pa kutokea. Na kicheko hakichukui nafasi ya vidonge vya presha. Endelea kumeza, endelea kupimwa.

Dini yenyewe iliuangalia mwili wa mfiwa kabla ya kliniki hizi. Kwa Bibi Aisha, watu wakiondoka msibani wakabaki wa nyumbani na wa karibu, alikuwa akiagiza ipikwe talbina, uji wa shayiri, akisema amemsikia Mtume akieleza kwamba unautuliza moyo na kuondoa sehemu ya huzuni. Nadhani wengi wetu tunaandaa pilau la wageni na kusahau uji wa mjane.

Ama utani: babu zetu Wahehe na Wangoni walichomana mikuki, leo wajukuu wanachekeshana makaburini. Siuoni ubaya wa asili yake. Ubaya ni kumtukana marehemu, kutunga uongo ili watu wacheke, kwani hilo Mtume amelikemea vikali, na kulala kaburini kudai pesa. Kuigiza ugomvi wa chenji, ikiwa kweli marehemu alikuwa hivyo na nyumba nzima inajua, ni kumkumbuka.

Usijifungie peke yako na redio. Waite wanawake rafiki zako wakae nawe jioni, mcheke, mlie. Shemeji usigombane naye. Mpe jibu hili alisome, na kama anaogopa Mungu atakuomba radhi mbele ya watu wale wale.

Koti ni mali ya mirathi. Mtani alirudishe, au warithi wote waliobaleghe wakubali kumwachia. Kama yupo mtoto mdogo, fungu lake halitolewi kwa utani.