Swali gumu si la nyani

Bro, unasema ukikubali mageuzi ya Darwin (kwamba viumbe, hata binadamu, walitokana na viumbe vya kabla yao) ushamkana Mungu, hapo kwanza umewaruka Wakatoliki wenzako manake Papa Pius XII tangu 1950 alisema kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vya kabla yake si marufuku, bora roho ibaki kazi ya Mungu. Hilo limeisha.

Mi naona kinachouma ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukirithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu unapata kinga dhidi ya malaria kali, mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo 1954 kwa utafiti wa huku huku kwetu Afrika Mashariki, ila mtoto akiipata kwa baba na kwa mama ndo yule unamkuta wodini vidole vimevimba, analia mifupa usiku kucha. Uteuzi asilia (yaani maumbile kuchuja nani anaishi na kuzaa) hauna huruma wala chuki, waliobeba moja walipona malaria wakazaa, jeni ikabaki, wa mbili akalipia. Sasa mama wa huyo mtoto utamwambia nini, kwamba ilipangwa hivyo?? Wengine wanasema Mungu aliweka kanuni za maumbile akaziacha zifanye kazi, shehe wetu yeye anasema ni mtihani (kila kitu kwake mtihani, hata umeme ukikatika). Mi jibu la kwanza naliona lina akili zaidi lakini halimfuti mtu machozi, na Ijumaa bado naenda kuswali kama kawa.