Programu za KKK zinakwamia wapi, na zinanyooshwaje

Mleta mada ameuliza hivi: serikali imesambaza vitabu, walimu wamepelekwa semina, bajeti imetoka, lakini ukimpa mtoto wa darasa la pili sentensi fupi anakodoa macho tu. Shida iko wapi? Hizi programu za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndizo kazi yangu, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Kwa maoni yangu shida ni hii: fedha nyingi huishia kwenye vitu vinavyohesabika kirahisi kwenye ripoti, kama idadi ya nakala zilizochapwa na walimu waliosaini mahudhurio. Mtoto hajifunzii huko. Anajifunza kwenye zile dakika thelathini au arobaini za kila siku akiwa na mwalimu wake. Programu ambayo haijagusa dakika hizo, watoto hawataiona.

Kazi ianze kwa kupima, na simaanishi mtihani wa karatasi, kwa sababu asiyejua kusoma hawezi kusoma hata swali. Mtoto apimwe mmoja mmoja kwa sauti. Karatasi moja inatosha: herufi au silabi, maneno mepesi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Mwanzishe kwenye aya. Akiisoma vizuri mpe hadithi, akikwama mshushe kwenye maneno matano. Akipata manne yuko ngazi ya neno, asipopata mshushe kwenye herufi. Ni kama dakika tatu kwa mtoto. Darasa la watoto 60 linakula dakika 180, yaani saa moja kila asubuhi kwa siku tatu. Utaratibu wa namna hii umeenezwa sana na shirika la elimu la Pratham nchini India, na nguvu yake iko kwenye kinachofuata: watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanapangwa kwa ngazi yao ya kusoma kwa saa moja au mbili kwa siku, bila kujali umri wala darasa.

Mpimaji awe macho na kukariri. Mtoto anaweza kuimba ba, be, bi, bo, bu vizuri kabisa huku macho yako dirishani. Mwonyeshe "bo" kwanza, kisha "bi", kisha rudi kwenye "ba", utaona kama anasoma au anaimba. Halafu mpe maneno yasiyokuwepo: mepa, kolu, bitamo. Hayo hawezi kuwa ameyakariri popote. Uingereza, upande wa England, wanapima watoto wa miaka mitano na sita hivyo tangu 2012: maneno 40, nusu ya kweli na nusu ya kubuni. Dakika moja ya maneno ya kubuni inakuonyesha mengi kuliko ripoti ya muhula mzima.

Sasa somo lenyewe. Mpangilio unaofanya kazi haubadilikibadiliki kila siku: dakika tano za kurudia sauti zilizopita, sauti mpya moja, kuiunganisha na irabu kupata silabi, kuunganisha silabi kupata maneno, kisha sentensi za kusoma na swali moja la kuelewa, na mwisho kuandika kile kile kilichosomwa. Mwalimu anaonyesha, wanafanya pamoja, kisha mtoto anafanya mwenyewe. Hatua hii ya tatu ndiyo inayoliwa kila mara. Darasa zima linaitikia kwa pamoja, sauti inajaa, mwalimu anaridhika, kumbe wanaosoma ni kumi na waliobaki wanafuatisha kwa nusu sekunde nyuma. Dawa yake: kila mtoto aweke kidole kwenye neno, asome na jirani yake, na mwalimu asikilize watoto watano kwa siku akiweka alama kwenye orodha. Kwa darasa la 60, ndani ya siku kumi na mbili za masomo amemsikia kila mmoja.

Hapa ndipo vitabu vinapochangia au kuharibu. Watoto waliofundishwa a, i, u, m, n na k tu, kitabu chao kiseme "Mama ana kuku", kisiseme "Mwalimu ameshika chaki". Wakikutana na mw, sh na ch ambazo hawajafundishwa, watatazama picha na kubuni, na kubuni kukishazoeleka kunachukua muda mrefu kung'oka. Kwa hiyo kabla ya kuchapa nakala laki kadhaa, mtu akae na orodha ya sauti, apitie kila ukurasa na kukata kila neno lililotangulia sauti zake. Ni kazi ya wiki chache, lakini mara nyingi inarukwa kwa sababu tarehe ya zabuni imeshafika.

Kosa lingine la vitabu ni kabati. Nakala zinafika, mwalimu mkuu anasaini, kisha anazifungia kwa kuogopa kudaiwa zikipotea. Simlaumu hata kidogo, mwongozo ndio unaomtisha. Waraka wa usambazaji uruhusu waziwazi kiasi fulani cha vitabu kuchakaa au kupotea kila mwaka bila mtu kulipishwa, na useme kwamba kitabu kilale nyumbani kwa mtoto.

Hesabu nayo ina ugonjwa huo huo. Mtoto anahesabu moja hadi ishirini bila kukosea, lakini ukimwambia "nipe vizibo saba" anakupa kiganja kizima. Ina maana anajua wimbo, idadi bado. Mwaka wa kwanza uwe wa vitu vya kushika: vizibo, mbegu, vijiti. Kisha vijiti kumi vifungwe bunda moja. Bunda mbili na vijiti vitatu ndiyo 23. Mtoto aliyeruka hatua hii ataandika 203, kwa sababu anaandika ishirini halafu anabandika tatu. Anayefundishwa kukopa kwenye kutoa kabla ya kufungua bunda kwa mikono yake atafuata kanuni bila kujua anachokopa, na darasa la nne litamkamata pale pale. Programu nyingi huwapa hesabu muda wa kubakiza baada ya kusoma. Ipewe kipindi chake cha kila siku.

Kuhusu walimu, semina ya siku tano ukumbini haibadilishi darasa isipofuatwa na mtu wa kuingia darasani. Kenya, programu ya Tusome iliyoanza 2015 ilimpa mwalimu mwongozo wa kila somo na kila mtoto kitabu, kisha ikawatumia maofisa wa elimu waliokuwepo tayari kutembelea madarasa wakiwa na vishikwambi. Ofisa anatazama somo, anapima watoto wachache, anazungumza na mwalimu kabla ya kuondoka. Ukitaka kuiga, anza na nauli: ilipwe kwa ziara iliyofanyika na kurekodiwa, isiwe posho ya mwezi. Na ofisa asije na orodha ya makosa kumi. Achague moja, kwa mfano "leo uliwaita wanaojua tu", alionyeshe, arudi kuliangalia mwezi ujao. Ziara ya kukagua maandalio na leja haihusiani na haya, na mwalimu anaitambua mara ofisa anapoingia mlangoni.

Kuna jambo la gharama ndogo ambalo halizungumzwi vya kutosha: nani anafundisha darasa la kwanza. Shule nyingi huweka walimu hodari kwenye madarasa ya mtihani, na darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko yote linapewa aliyefika juzi. Mbaya zaidi, mwalimu aliyefundwa KKK mwaka huu, mwakani anahamishiwa darasa la sita na mafunzo yote yanapotea. Kanuni ya kumbakiza miaka mitatu madarasa ya chini ingeokoa fedha nyingi za semina.

Kwa wanaopanga bajeti, waangalie jimbo la Ceará nchini Brazili. Kwa sheria ya mwaka 2007, sehemu ya mapato ya kodi inayogawiwa manispaa ilifungamanishwa na matokeo ya elimu, yakiwemo ya watoto wanaoanza kusoma, na mameya wakaanza kuuliza habari za darasa la pili. Lakini ukifunga fedha na matokeo, mpimaji asitoke shule hiyo wala wilaya hiyo. Vinginevyo takwimu zitapanda na watoto watabaki pale pale.

Elimu ya awali usiigeuze darasa la kwanza. Nyimbo, hadithi za kusikiliza, kutambua sauti ya kwanza ya neno, kupanga na kuhesabu vitu, vinatosha. Na kama lugha ya nyumbani siyo ya shuleni, tenga miezi ya mwanzo kwa mazungumzo. Mtoto hawezi kuelewa akisoma neno ambalo hajawahi kulisikia.

Matokeo ya upimaji yarudi kwa mwalimu ndani ya wiki mbili, kwa majina ya watoto na ngazi zao, kwenye karatasi moja. Yakikaa wizarani mpaka mwaka uishe, watoto waliopimwa watakuwa wameshapanda darasa bila kujua kusoma.