Mnaoanza kutengeneza braketi za shelfu za kupandisha na kushusha: anzeni na ukuta

Vijana mnaoingia kazi ya chuma hapa Mombasa, wale wa atachmenti kutoka TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) na vyuo vya ufundi na wale mnaojifunzia tu karakana, nikiwapa kazi ya braketi ya shelfu naona mkono unakimbilia grainda. Mnakata, mnachomelea, mnapaka rangi, alafu ndio mtu anauliza kwani hii inafungwa kwa ukuta gani. Nawaomba sana mgeuze hio safari. Ukuta kwanza, manake braketi hata iwe nzito vipi ukuta ukiiachilia inakuja chini na kila kitu kilicho juu yake, na pengine hapo chini kuna mtoto anafanya homuwaki.

Kuta za huku kwetu zina tabia yake. Nyumba nyingi za mawe zimejengwa na jiwe la matumbawe, ziwe zile za zamani za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe na chokaa, ziwe hizi za sasa za mawe ya kukatwa kwenye machimbo ya upande wa Kilifi. Jiwe hili linabeba mzigo wa kukandamizwa chini vizuri sana, ghorofa limesimama miaka na miaka, lakini likivutwa nje ni dhaifu, linamumunyuka. Angalieni wazee walivyofanya, vyombo vyao walivipanga ndani ya zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani kwenyewe, mzigo wote unakaa juu ya jiwe na hakuna kitu kinachovuta. Sisi na braketi zetu twafanya kinyume, twaning'iniza mzigo nje na kulitegemea jiwe lishike skrubu isichomoke. Ukishaelewa hapo umeelewa nusu ya kazi.

Kwahivyo kabla hujachora chochote nenda na drili kwa mteja. Toboa tundu moja dogo mahali ambapo reli itapafunika, biti ya milimita 5 au 6, hama (ile ya drili kugonga) ikiwa imezimwa, pole pole, na uwe waangalia unga unaotoka na kusikiliza mkono wako. Kwanza unatoka unga wa kijivu, hio ni plasta ya simiti, na plasta usiihesabu kabisa, hata iwe sentimita 3 haikusaidii chochote. Alafu unga unageuka mweupe au rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, una chenga chenga ukiusugua kwa vidole, hilo sasa ndio jiwe. Biti ikizama ghafla kama imekosa kitu cha kula, jua umeingia kwenye pango, matumbawe yana vitundu hivyo kila mahali, au umeangukia kwenye kiungo cha mawe. Pima na uandike: plasta sentimita ngapi, jiwe limeanza wapi, pango liko wapi. Hio karatasi ndio itakwambia braketi yako iwe na umbo gani.

Sasa hesabu, na msiogope, ni ya kugawanya na kuzidisha tu. Chukua shelfu ya kina cha sentimita 30, imewekwa kilo 40 zimesambaa sawa, braketi ni 2. Kila braketi inabeba kilo 20, na uzito huo unahesabika kama uko katikati ya kina, sentimita 15 kutoka ukutani. 20 mara 15 ni 300. Hio 300 ndio inayotaka kuing'oa braketi kwa juu huku ikiisukuma kwa chini. Kama umbali kati ya skrubu ya juu na kisigino cha chini, pale braketi inapoegemea ukuta, ni sentimita 5 peke yake, skrubu yavutwa na kilo 60. Ukifanya sentimita 10 inakuwa kilo 30, ukifanya 20 ni kilo 15. Mzigo ni uleule, chuma ni kilekile, umeongeza urefu wa mgongo tu na ukuta umepumua. Na mteja akisukuma vitu vizito vyote ukingoni mbele hizo namba zote zajizidisha mara 2, kwahivyo usipige hesabu ya mtu mwenye adabu, piga ya mtu mwenye haraka. Muulize pia ataweka nini, rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ni kama kilo 2 na nusu, beli ya unga ya pakiti 12 za kilo 2 ni kilo 24, mwenye duka akikwambia "vitu vidogo vidogo tu" ingia mwenyewe utazame stoo yake.

Ndio maana kwa shelfu za kupandisha na kushusha mimi napenda reli ndefu ya wima kuliko braketi fupi moja moja. Reli ya mita moja unaifunga na skrubu 5, kila sentimita 22 hivi, na ya juu kabisa iwe karibu na ncha, sentimita 5 tu, manake shelfu ikipandishwa juu kabisa ile skrubu ya mwisho ndio yapokea mvuto karibu wote. Pale juu mimi naongeza ya pili kabisa. Skrubu moja ikiangukia pango zile nyengine zabeba.

Haya tuje kwenye hio sehemu ya kusogea, na hapa ndio wengi mwaharibu. Zile reli za dukani zenye matundu membamba na braketi za makucha zinapigwa na mashini kiwandani. Ukijaribu kuiga na grainda utaona, disi ni duara, ikizama kwenye chuma inakata mfereji mrefu mbele na mfupi nyuma, kwahivyo kucha linaingia likikaa upande, na disi ya milimita 1 haikupi nafasi ya bati la milimita 3 mpaka upite mara kadhaa na kila ukipita mkono unayumba. Kwa karakana zetu tumieni tyubu skwea na kiatu. Tyubu ya 25 kwa 25, unene milimita 2, imetobolewa ubavuni matundu ya milimita 8.5 kila baada ya milimita 25. Kiatu ni mashavu mawili ya bati la milimita 3 yanayoikumbatia tyubu kutoka mbele, na kipande cha mbele kinachoyaunganisha, mkono wa braketi unachomelewa kwenye hicho cha mbele. Bolti ya M8, yaani ya milimita 8, inapita shavu, tyubu, shavu. Bolti moja juu, na chini sentimita 10 nyengine ya kufunga, hio ni hatua 4 za matundu kwahivyo zinaingia popote. Ukiweka mzigo, bolti ya juu yavutwa na kisigino cha kiatu chakandamiza tyubu. M8 haitakusumbua kwa mizigo hii, itakayokusumbua ni ulegevu.

Ulegevu uelewe hivi: kiatu kikicheza nusu milimita tu kwenye mgongo wa sentimita 5, kule mbele kwa shelfu ya sentimita 30 inashuka milimita 3, na jicho la mteja linaona milimita 3 kabla hajalipa. Mgongo ukiwa sentimita 10 inashuka 1 na nusu. Kwahivyo unapochomelea kiatu weka ndani yake kipande cha tyubu ileile kilichozungushiwa bati jembamba sana, ili kikipoa na kubana kisishike tyubu kabisa na kisiwe kipana pia, na kumbuka rangi nayo ina unene, kiatu kilichoingia vizuri kikiwa chuma kitupu kinakwama kikipakwa rangi mbili. Mkono uchomelee ukiwa umeinuka kidogo mbele, digrii moja yatosha, kwa sentimita 30 hio ni kama milimita 5, mzigo ukikaa unarudi usawa.

Matundu ya reli toboa reli zote mbili pamoja, zimefungwa na klampu, na pima kila tundu kutoka ncha moja ileile. Ukipima kutoka tundu hadi tundu kila kosa dogo linajijumlisha na ukifika la 30 umepotea. Alafu andika JUU kwa makapeni kwenye kila reli kabla ya kufungua klampu. Tafadhali msilipuuze hili, reli moja ikigeuzwa shelfu inakaa mshazari na utaanza kulaumu ukuta wa watu.

Skrubu za ukutani zinapita katikati ya tyubu: mbele toboa milimita 14 kichwa kipite, nyuma 6.5 kichwa kikamatwe na washa, ziwe katikati ya matundu ya ubavuni zisigongane na bolti. Hivyo kiatu kinateleza juu chini bila kugusa kitu.

Mkono wenyewe, flatiba (chuma bapa) isimamisheni wima jamani. Flatiba ya 25 kwa 3 ikisimama ina nguvu zaidi ya mara 8 ya ikilala, na kwa kutopinda ni karibu mara 70. Galileo alishaandika mwaka 1638 kwamba boriti inayotokeza ukutani nguvu yake yapanda kwa mraba wa kimo chake, karibu miaka 400 sasa, na bado naona braketi za flatiba iliyolazwa zinauzwa barabarani. Weka na mshazari wa chini kama nafasi ipo. Weldi ya pale mkono unapokutana na kiatu, upande wa juu, ndio inayofanya kazi kubwa kuliko zote kwa sababu ndio inavutwa, hapo ijaze vizuri, usiisage na grainda mpaka ibaki karatasi eti ipendeze.

Mbao pia. Ukiongeza umbali kati ya braketi mara 2, kwa mzigo uleule kila futi, mbao inapinda mara 16. Shelfu ya mita 1.2 yenye braketi 2, zisogezeni ndani kama sentimita 25 kila upande, usiziweke kwenye ncha. Na chipbodi kwa unyevu wa huku inavimba kama mkate kwenye chai, tumia mbao ngumu au blokbodi iliyofungwa kingo.

Kutu sasa. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, kusi au kaskazi hakuna msimu wa kupumzika, na chuma kilicho Nyali dirisha linaloangalia bahari hakiishi kama kilicho Mikindani. Toboa kila kitu kabla ya redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ingiza brashi ndani ya matundu, ziba ncha za tyubu kwa kuchomelea, manake tyubu inaliwa kutoka ndani na wewe nje waona rangi inang'ara. Ukitumia galvanaizi, chuma kilichopakwa zinki, pale ulipochomelea zinki imeungua, rudishia rangi yenye zinki. Na ule moshi mweupe wa zinki msiuvute, ukiuvuta unaweza kupata homa na baridi usiku, maziwa hayazuii kitu hata waseme vipi, chomelea nje mahali pa upepo na uisage zinki kwanza. Skrubu za kung'aa za bei rahisi zinakutu haraka na kuchora mistari ya kahawia ukutani, mwambie mteja aongeze pesa za stenlesi, na kama ni mbele ya bahari kabisa iwe ya daraja la 316, hio inastahimili chumvi kuliko ya 304.

Siku ya kufunga: reli ya kwanza kwa timazi, ya pili usawa wake chukua kwa pima maji au mpira wa maji. Ukuta wa zamani umebenuka, usikaze skrubu kiasi cha reli kufuata tumbo la ukuta, weka washa au vipande vya bati nyuma mpaka reli inyooke yenyewe ndio ukaze. Kwenye matumbawe toboa bila hama, tundu dogo kwanza alafu kubwa, puliza unga wote utoke, na rawoplagi, ile plastiki ya kushika skrubu tunduni, iwe ndefu, ipite plasta na kuingia kwenye jiwe sentimita 6 au zaidi. Rawobolti za kutanuka mimi sizipendi kwa jiwe hili, zinapasua. Mahali pa pango tumia gundi ya kemikali na ile soksi yake ya neti, isubiri ikauke muda ulioandikwa kwenye chupa, mteja akiwa na haraka mwache anune.

Mwisho unaijaribu kabla hujachukua pesa. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 na kidogo, kila nyumba Mombasa iko nayo. Shelfu ya kilo 40 weka mitungi 3 ikiwa imesogezwa mbele, umeipanga tupu kwanza juu kisha wajaza kwa jagi, na usisimame chini yake. Kabla hujajaza maji piga alama ya penseli ukutani usawa wa ukingo wa chini wa mbao, rudi kesho yake asubuhi. Ikishuka milimita 1 au 2 na ukiondoa maji ikarudi, chuma kimepinda kidogo tu kama kinavyotakiwa. Ikishuka na isirudi, kagua kichwa cha kila skrubu ya juu, iliyo na pete ya unga mweupe chini ya washa imeanza kuchomoka, ifungue utumie gundi. Ikipita, geuza mkono wa braketi mahali pasipoonekana uandike kwa makapeni kilo za shelfu, 40, na umwonyeshe mteja ulipoandika.